Seti ya dramu ya zamani: namna ya kujua bei ya haki kabla ya kutoa fedha za kikundi

Msimu wa kahawa unapomalizika na wakulima wakishalipwa, vikundi vingi vya uimbaji katika wilaya za Karagwe na Kyerwa huanza kuzungumzia vyombo. Kwaya inataka kinanda, vijana wanataka gitaa la besi, na mara nyingi hatakosekana mtu anayejua mahali palipo na seti ya dramu inayouzwa. Imekaa stoo ya kanisa, au imeachwa na bendi iliyovunjika, au imeletwa na dalali kutoka Bukoba, Mwanza au ng'ambo ya mpaka huko Uganda. Muuzaji husema ni ya zamani, ni ya Ulaya, haitengenezwi tena. Kisha anataja bei.

Hapo ndipo tunapoulizwa: je, bei hiyo ni ya haki?

Tumeandika makala hii kwa sababu ya tukio moja lililotugusa. Miaka kadhaa iliyopita kwaya ya vijana ilikuja kurekodi kwetu na seti iliyonunuliwa wiki mbili kabla, kwa haraka ya kuwahi Pasaka. Rangi ilikuwa safi na beji inang'aa. Asubuhi nzima tulihangaika kukaza dramu ya mguu, sauti ikabaki ile ile ya kugonga debe tupu. Tulipofungua ngozi tuliona mwili umepinda kama yai na tabaka za mbao za ndani zimeachana. Tulirekodi kwa mapigo ya kinanda. Fedha zile zilikuwa michango ya mwaka mzima, na mweka hazina alikaa nje kwenye ngazi mpaka tulipomaliza. Hakuna aliyekuwa amemwibia mtu kwa mabavu. Ni kwamba kabla ya kulipa, hakuna aliyefungua ngozi na kutazama ndani.

Thamani tatu ambazo watu huzichanganya

Seti ya dramu ya zamani inaweza kuwa na thamani tatu, na ugomvi mwingi wa bei hutokea pale muuzaji anapotaja moja na mnunuzi anafikiria nyingine.

Ya kwanza ni thamani ya kupiga: seti hii italia vipi Jumapili, na itadumu miaka mingapi? Kwaya, bendi ya harusi na shule hununua thamani hii.

Ya pili ni thamani ya mkusanyaji. Wapo watu Marekani, Ulaya na Japani wanaolipa fedha nyingi kwa dramu za miaka ya 1950 na 1960 za majina fulani, hasa kama hakuna kitu kilichobadilishwa. Jina la Ludwig, kwa mfano, lilipanda sana mwaka 1964 baada ya Ringo Starr wa The Beatles kuonekana akilipiga kwenye televisheni ya Marekani. Mnunuzi wa aina hii ni nadra kumpata Kayanga au Nkwenda.

Ya tatu ni thamani ya kumbukumbu. Hii hapa kwetu ina mizizi mirefu. Katika Kinyambo, kama ilivyo katika lugha za majirani zetu, neno engoma ni ngoma na pia ni utawala. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861, aliandika simulizi aliyopewa kwamba wana wa mfalme walipogombea kiti waliwekewa ngoma ndogo chini, na Rumanyika peke yake ndiye aliyeweza kuiinua. Wengine iliwashinda, ingawa ilikuwa ndogo, kwa nguvu za dawa zilizowekwa ndani yake. Mzee anayeuza seti iliyopigwa siku ya upadirisho wa kwanza parokiani kwake naye anauza kitu chenye uzito wa namna hiyo. Tuuheshimu uzito huo, lakini tukumbuke kuwa mnunuzi halipii kumbukumbu zisizo zake.

Kwa kikundi kinachonunua ili kupiga, bei ya haki hupimwa kwa thamani ya kwanza tu.

Kwa nini seti nyingi za zamani ni mchanganyiko

Katika miaka ya 1960 na 1970 wanamuziki wengi wa Tanzania hawakumiliki vyombo. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi au taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Jeshi la Polisi na JKT nao walikuwa na bendi zao. Baadaye fedha za kigeni zikawa adimu na kuagiza vipuri kukawa kugumu. Ngozi ikipasuka ilishonwa au kubandikwa, nati iliazimwa kwa fundi baiskeli, na dramu ya seti moja ikahamia seti nyingine.

Kwa hiyo seti nyingi zinazouzwa leo kwa jina moja zina vipande vya majina mawili au matatu. Jambo hilo si kasoro kubwa kwa mpigaji. Ni kasoro kubwa kwa bei ikiwa muuzaji anataka ulipie seti kamili ya kiwandani. Kagua kila dramu peke yake: je, vishikio vya skrubu vinafanana kwenye dramu zote? Rangi ya mbao ya ndani ni moja? Beji ni za aina moja? Kama jibu ni hapana, unanunua vipande, na kila kipande kina bei yake.

Beji inasema nini

Majina utakayokutana nayo zaidi ni haya. Premier ni ya Uingereza, ilianzishwa mwaka 1922. Pearl ilianza Japani mwaka 1946, na Yamaha ilianza kutengeneza dramu mwaka 1967. Tama nayo ni ya Japani, na jina hilo lilianza kutumika mwaka 1974. Sonor ni ya Ujerumani na mwanzo wake ni mwaka 1875. Ludwig, Gretsch, Slingerland na Rogers ni za Marekani.

Ukiona jina usilolijua kabisa kwenye seti inayosemekana kuwa ya miaka ya 1960, huenda ni miongoni mwa seti zilizotengenezwa Japani kwa wingi na kuuzwa kwa majina ya maduka mbalimbali. Mbao zake huwa nyepesi na vyuma vyake vyembamba. Zinaweza kulia vizuri, lakini mtu asikuuzie kwa bei ya jina kubwa.

Jambo jingine ni vipimo, nalo linagusa mfuko moja kwa moja. Dramu nyingi za leo hutumia vipimo vinavyofanana duniani: snea inchi 14, tomu inchi 12 na 13, tomu kubwa ya chini inchi 16, dramu ya mguu inchi 20 au 22. Lakini Premier nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa pana kidogo kuliko kipimo kilichoandikwa, kiasi kwamba ngozi ya kawaida ya leo haiingii. Sonor za zamani nazo zina skrubu zenye meno tofauti na zile za Japani na Marekani. Seti ya namna hiyo inaweza kuwa nzuri sana, ila ngozi ikipasuka Isingiro hutapata nyingine Bukoba, na pengine hata Dar es Salaam. Punguza bei kwa sababu hiyo, au iache.

Ukaguzi: nenda na tochi, rula na ufunguo wa dramu

Usikubali kununua mbuzi kwenye gunia. Omba ruhusa ya kufungua ngozi moja ya kila dramu. Muuzaji anayekataa kabisa amekujibu. Nenda mchana, na ukiweza mchukue mpigaji mmoja na fundi seremala mmoja. Kwaya nzima ikienda, furaha ya vijana itapandisha bei kabla hujafungua mdomo.

*Mwili.* Huu ndio moyo wa dramu na ndicho kitu kigumu zaidi kurekebisha hapa kwetu. Pima upana wa mdomo wa dramu mara nne, kila mara ukigeuza rula kidogo. Vipimo visitofautiane kwa zaidi ya milimita chache. Ngozi inatakiwa kuingia na kutoka yenyewe bila kulazimishwa. Ukilazimika kuigonga iingie, mwili umepinda. Mulika tochi ndani: angalia tabaka za mbao zilizoachana, alama za maji, na vumbi jepesi la bungua. Stoo zetu zina unyevu kipindi cha mvua na joto la bati kiangazi, na mabadiliko hayo ndiyo yanayofungua gundi. Ukibonyeza kwa kidole gumba na ubao ukaitika kama biskuti iliyolowa, usiendelee.

*Mdomo.* Ni ukingo ambao ngozi inaukalia. Weka dramu iliyofunguliwa juu ya kioo au meza iliyonyooka, weka tochi ndani, kisha tazama kwa nje. Mwanga unaopenya mahali pamoja unaonyesha ukingo ulioliwa, na dramu hiyo haitakazwa ikakaa sauti moja. Seremala makini anaweza kuusawazisha kidogo, lakini huyo lazima umlipe.

*Skrubu na vishikio vyake.* Fungua kila moja kwa mkono. Inayozunguka bila kushika imekwisha meno. Hesabu zilizokosekana. Skrubu mbili zilizokosekana kwenye snea ni tatizo dogo kama meno yake ni ya kawaida, na ni tatizo kubwa kama si ya kawaida.

*Ringi.* Ilaze juu ya meza. Ikicheza kama meza mbovu, imepinda. Kutu ya juu husafishika. Kutu iliyotoboa chuma haisafishiki.

*Snea.* Inafanya kazi kuliko dramu zote. Washa na uzime nyaya za chini mara kumi. Nyaya zenyewe ni kipuri cha kawaida, lakini kile kifaa cha kuziwashia kikivunjika, cha aina ile ile hupatikana kwa shida kwenye dramu za zamani.

*Pedali na stendi.* Kanyaga pedali kwa dakika mbili mfululizo. Kaza kila stendi kisha iegemee kidogo. Stendi inayoteleza polepole chini itaangusha toazi katikati ya ibada. Fundi wa kuchomelea anaweza kuokoa baadhi, ila bomba lililochomelewa huwa halirefushwi tena.

*Matoazi.* Hapa wengi hupoteza fedha, na wengine huziokota. Matoazi mazuri yanaweza kuwa na thamani kubwa kuliko dramu zote pamoja. Yale bora hutengenezwa kwa shaba na bati, na yale ya bei ya chini mara nyingi ni ya shaba na zinki, yana rangi ya njano iliyokolea na sauti yake hukatika haraka. Tafuta mhuri uliogandamizwa kwenye chuma chenyewe: Zildjian, familia iliyoanza kazi hiyo Istanbul mwaka 1623, Paiste, Sabian, Meinl. Kisha pitisha ukucha ukingoni pote na kuzunguka tundu la katikati. Ufa hauchomelewi. Toazi lenye ufa litaendelea kupasuka kila Jumapili, kwa hiyo lihesabu kuwa ni sifuri hata kama bado linalia.

*Ngozi.* Tunaziita ngozi ingawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 dunia ilihamia kwenye plastiki. Ngozi huisha kama matairi. Usikatae seti kwa sababu ya ngozi mbovu, lakini gharama ya ngozi mpya itoke kwenye bei.

Rangi tumeiacha ya mwisho kwa makusudi. Mkwaruzo haubadilishi sauti. Seti iliyopakwa rangi upya juzi ichunguze zaidi kuliko ile yenye vumbi lake.

Kupiga hesabu

Ukishamaliza ukaguzi, andika namba tatu kwenye karatasi.

Ya kwanza ni bei ya seti mpya ya kiwango kinacholingana, ikiwa imefika hapa. Piga simu kwa maduka mawili au matatu ya vyombo Dar es Salaam, Mwanza au Kampala, kisha ongeza nauli ya mzigo. Linganisha vya aina moja: seti ya zamani ya kiwango cha juu isilinganishwe na seti mpya ya wanafunzi, na kinyume chake pia si haki.

Ya pili ni sehemu ya bei hiyo ambayo kitu kilichotumika kinastahili. Sisi hutumia kanuni ya nusu hadi theluthi mbili kwa seti iliyo kamili na isiyo na kasoro. Anayeuza chombo bila dhamana hawezi kudai bei ya dukani.

Ya tatu ni jumla ya kila kitu utakachopaswa kununua au kutengeneza kabla ya kupiga wimbo wa kwanza.

Tuchukue namba za kujifunzia, ambazo si bei za soko. Tuseme seti mpya inayolingana, ikiwa imefika Omurushaka, ni shilingi 1,500,000. Asilimia 60 yake ni shilingi 900,000. Ukaguzi umeonyesha yafuatayo:

– ngozi nne za kubadilisha: 160,000
– pedali mpya: 90,000
– kuchomelea stendi mbili: 20,000
– seremala kusawazisha mdomo wa tomu: 30,000
– usafiri kutoka kwa muuzaji: 60,000

Jumla ni shilingi 360,000. Bei ya haki ya seti hiyo ni karibu shilingi 540,000. Kama muuzaji alitaja 900,000, msianze kugombana naye. Mwonyeshe karatasi. Tumeona wauzaji wengi wakishuka kwa heshima baada ya kuona orodha, kwa sababu orodha haimwiti mtu mwongo. Asipotaka kushuka, mmeokoa fedha zenu.

Kuna mstari mmoja wa kuondokea. Ikiwa mwili wa dramu ya mguu au wa snea umepinda au umeachana, usipige hesabu ya punguzo. Nunua vipande vilivyo vizima tu, au ondoka.

Ukiwa wewe ndiye unayeuza

Haki ina pande mbili. Usharika au parokia inaweza kuwa na seti iliyoletwa miaka mingi iliyopita, ikauzwa kwa bei ya kuni kwa mtu anayejua alichokiona. Kabla ya kuuza, soma beji na namba zake, piga picha za nje na za ndani, na piga picha mihuri ya matoazi. Usipake rangi, usitoboe tundu jipya, usibandue plastiki ya zamani ya nje. Kwa mkusanyaji, mambo hayo matatu huondoa thamani isiyorudi.

Ukitazama bei kwenye intaneti, tafuta bei ambazo vitu viliuzwa kweli. Bei ambayo mtu anaiomba ni matumaini yake tu. Na kumbuka kuwa bei ya Chicago ina mnunuzi wa Chicago. Kutoka Kaisho hadi kwa mnunuzi huyo kuna kufunga, kusafirisha, ushuru na hatari ya kuvunjika, na gharama hizo zote hutoka kwenye mfuko wa muuzaji.

Karatasi na mpaka

Vyombo vya muziki huibwa makanisani na kumbini. Kupokea mali ya wizi ukijua ni kosa la jinai, na hata usipojua unaweza kunyang'anywa na fedha usirudishiwe. Andikeni hati ya mauziano yenye majina, beji, namba na idadi ya vipande, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa na mashahidi wa pande zote. Kama muuzaji ni kanisa, kikundi au shule, omba barua inayoonyesha kuwa uongozi umeridhia.

Wanaovuka Murongo au Mutukula kununua Uganda wajue kuwa nafuu wanayopata wafanyabiashara wadogo kwa bidhaa za Afrika Mashariki ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Dramu iliyotengenezwa Japani au Uingereza haigeuki kuwa ya Uganda kwa sababu imenunuliwa Mbarara. Ulizeni ofisi ya TRA mpakani kabla ya kulipa muuzaji, na ushuru mtakaotajiwa uingizeni kwenye ile karatasi ya hesabu, pamoja na nauli.

Mambo ya kukumbuka

Fungueni ngozi kabla ya kufungua pochi. Kagueni mwili kwanza, matoazi ya pili, vyuma vya tatu, rangi ya mwisho. Andikeni kila kasoro na gharama yake. Msilipe siku ile ile mliyoiona seti kwa mara ya kwanza, na mkiweza mbakize sehemu ya fedha mpaka seti ifike na kukazwa.

Mweka hazina akiwa na karatasi hiyo mkononi, hata kama seti itakuja kusumbua mwaka ujao, ataweza kuwaeleza waliochanga kila shilingi ilikwenda wapi na kwa sababu gani.